Sanamu ya Jemadari ilivyonyang'anywa uso wa baba yangu

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kwa heshima.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu na huu ndio uzi wangu wa kwanza. Nitakayoyasimulia yalitupata mimi na baba yangu, hapa hapa Nairobi. Sitayapamba. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina uhakika, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kufanya kazi.

Majina sitataja. Sababu mtaiona mwishoni.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika historia. Utafiti wangu unahusu watu walionunuliwa na kuuzwa huku bara, kabla ya reli kufika. Wengi wetu tukisikia neno utumwa tunafikiria Pwani, au meli za kwenda ng'ambo. Watu wa magharibi mwa Kenya, ambao ndio watu wangu, tumezoea kujihesabu kama watazamaji. Eti misafara ilipita, tukaiuzia chakula, ikaenda zake.

Si kweli. Wapo waliouzwa na watu wao wenyewe, hasa wakati wa njaa, na wapo waliobaki kwenye maboma ya wakubwa. Hilo ndilo nililokuwa nikiliandika, na nilikuwa nimeridhika nalo sana. Mtu huridhika kirahisi na huzuni ya watu asiowajua.

Sasa twende kwenye sanamu.

Katikati ya jiji kuna bustani ndogo ambamo kwa miaka mingi alisimama mzungu mmoja wa shaba, mkono mmoja kiunoni. Alipata utajiri wake kwa migongo ya wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao. Vijana waliandamana, watu wakaandika, hatimaye akateremshwa. Nilikuwepo. Nilipiga makofi hadi viganja vikaniuma.

Kilichobaki ni kitako cha mawe, kitupu. Ndipo jamii mbalimbali zikaambiwa zinaweza kupendekeza shujaa wao wa kusimama pale, na kila pendekezo lingejadiliwa hadharani.

Ukoo wetu una chama chake hapa jijini. Tunakutana Jumapili alasiri, baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa kule Kabiria. Chama kikaamua kumpendekeza mtemi wetu wa zamani, ambaye nitamwita Jemadari. Kila mtoto wa kwetu amekua akisikia jinsi alivyowazuia maadui mtoni na jinsi alivyowakatalia wazungu kodi.

Tatizo likawa moja. Jemadari hakuwahi kupigwa picha. Fundi wa sanamu akasema hawezi kufinyanga hadithi, apewe mtu wa kumtazama.

Mjadala wa uso ulichukua mkutano mzima. Kila mwanamume mwenye ndevu aligeuza shingo kuonyesha upande wake mzuri. Mwishowe mama mmoja mzee, ambaye huwa haongei sana, akasema, "Mnajisumbua bure. Mkitaka uso wa Jemadari, si ndio ule umekaa pale unakunywa chai?"

Alimwonyesha baba yangu.

Watu walicheka, kisha wakamtazama vizuri, kisha wakaacha kucheka. Kweli baba ana uso wa kukumbukwa. Paji pana, mashavu yaliyochongoka, macho ya mtu anayesikiliza. Wale wazee wengine wakaafikiana palepale.

Niwaeleze kidogo kuhusu baba. Alifanya kazi ya stoo kwa familia moja ya Kihindi kule Parklands mpaka akastaafu. Hana cheo chochote cha mjini. Lakini kwenye chama ana kazi moja ambayo hakuna mwingine aliyepewa: mtu wa kwetu akifa hapa Nairobi, baba ndiye anayesimama kusema kwa niaba ya ukoo. Yeye ndiye anayemtaja marehemu, baba yake, na babu yake, kabla mwili haujasafirishwa nyumbani. Bila yeye kusema, sisi huona kama mtu hajaagwa.

Hiyo ndiyo mali yake. Kumbukeni hilo, kwa sababu uzi huu wote unahusu kitu hicho kimoja.

Basi baba akawa anakwenda kwa fundi kila jioni. Karakana iko papo hapo Kabiria, nyuma ya duka la mbao. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti lake la mazishi, huku kichwa cha udongo kikizaliwa mbele yake. Mara nyingine nilimpelekea chai.

"Mzee, usicheke," fundi alikuwa akimwambia. "Shujaa hachekangi."

"Nani alikwambia? Yule alikuwa anacheka maadui."

"Sawa, lakini hii ni ya serikali. Kaa serious."

Walipofika kwenye mikono fundi akasita. Kidole kidogo cha mkono wa kulia wa baba kimepinda. Pipa la mafuta ya kupikia liliuangukia kule stoo, kikapona vibaya.

"Hii kidole niinyoshe?"

"Iache," baba akasema. "Hata yeye alifanya kazi."

Sijawahi kumwona baba akiwa na furaha ya aina ile. Alianza kunyoa ndevu kila siku. Mama akamtania kwamba sasa ameolewa na mtu wa udongo.

Hapo ndipo Mwenyekiti wa chama aliponiita ofisini kwake Westlands. Ni mtu wa maana, mwenye ofisi ya ghorofani na kiti kinachozunguka. Akaniambia siku ya mjadala nitaongea mimi, kwa sababu mimi ni msomi wa ukoo.

"Daktari wetu," aliniita, ingawa digrii yenyewe sijamaliza.

Nilimwambia ukweli wote kabla ya kukubali. Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba niliwavizia. Nilimweleza kuwa wazee niliowahoji nyumbani wamesema, kila mmoja kwa wakati wake na bila kujua wenzake wamesema nini, kwamba Jemadari aliiuzia misafara watu, akapata bunduki, na wengine akabaki nao bomani. Nikasema siipingi sanamu. Nataka tu maandishi ya pale chini yaseme yote mawili: mto alioulinda na watu aliowauza.

Mwenyekiti alizungusha kiti. "Hiyo tunaijua, Daktari. Siku hizo kila mtu alikuwa kwa hiyo biashara. Wewe iguse tu kidogo, halafu songa mbele. Usikae hapo sana."

Nilichukua maneno hayo kama ruhusa. Yeye, naamini, aliyatoa kama amri. Nimeyageuza kichwani usiku mwingi na bado sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na haki ya kushangaa.

Siku ya mjadala ukumbi ulijaa. Walianza na yule mzungu aliyeteremshwa, na pale hapakuwa na mjadala wowote. Msemaji baada ya msemaji alisimama kusema kwamba mtu aliyefanya biashara ya binadamu hastahili hata jiwe moja la jiji letu. Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao. Alisema, nami namnukuu kwa usahihi kwa sababu nilikuwa naandika, "Aliyeuza ndugu yangu hawezi kunitazama kutoka juu."

Makofi yalikuwa makubwa.

Zamu yangu ikafika. Nilieleza mto, nikaeleza kodi. Kisha nikasema kwamba kwa kipimo hicho hicho tulichokitumia asubuhi, tunapaswa kuwazungumzia pia watu waliouzwa, na kwamba wajukuu wao huenda wapo na wanastahili kutajwa. Nilikaa hapo kwa muda mrefu kidogo kuliko nilivyoambiwa. Si sana. Lakini nilikaa.

Ukumbi ulianza kunung'unika. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Wewe umelipwa na nani?" Mwingine akasema, "Hawa wasomi wa siku hizi, hata mama zao watawapeleka kortini!" Watu wakacheka.

Mwenyekiti akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linalonisumbua. Alifunga kifungo cha koti kwanza.

"Huyu ni mtoto wetu," alisema, "na tunampenda. Lakini mtoto akitaka kujua sana, anasaidiwa. Anauliza wajukuu wa walionunuliwa wako wapi. Msichana wangu, umetafuta mbali. Baba yako amekaa hapo mbele. Muulize nyanya yake aliletwa kwa boma ya Jemadari na nani, na alibadilishwa na nini."

Ukatoka mguno wa ukumbi mzima, nusu mshangao na nusu kicheko. Mwongozaji wa mjadala akawa anarudia, "Tuendelee, tafadhali, tuendelee."

Baba alikuwa safu ya kwanza, katika koti lake la mazishi. Hakugeuka kumtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi. Kisha akainuka polepole, akasema "samahani" kwa kila mtu aliyempisha, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye ngazi. Tulitembea mitaa kadhaa, tukipita wauza maembe na wapiga picha wa passport. Hatimaye nikauliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Ulijua?"

"Tangu nikiwa mdogo. Na wao walijua. Wote wanajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alisimama pale kando ya barabara. "Uliuliza wazee wote wa kule nyumbani. Mimi hukuniuliza."

Wakuu, nimepewa maoni makali sana na wasimamizi wangu chuoni. Hakuna lililowahi kunifikia mfupani kama hilo.

Hapa lazima nieleze desturi, maana bila hiyo mtafikiri ni tusi tu la kawaida. Kwetu, mtu wa nje akiingizwa katika ukoo huchinjiwa kondoo, hupewa jina, na kuanzia hapo ni mwiko kutaja alikotoka. Mwiko mkubwa. Anayeutaja, hata kwa utani, hata akiwa mlevi, lazima achinje kondoo mbele ya aliyemwaibisha na aombe radhi. Nyanya yake baba aliletwa akiwa msichana wakati wa njaa, akabaki bomani, akazaa mwana. Mwana huyo alichinjiwa kondoo. Kwa hiyo baba yangu ni mtu wa ukoo kama Mwenyekiti alivyo, bila pungufu.

Katika pendekezo la utafiti wangu nilikuwa nimeuita mwiko huo "ukimya unaoficha uhalifu". Ni sentensi nzuri. Msimamizi wangu aliipigia mstari na kuandika pembeni: excellent. Sikujua kwamba ukimya huo ndio paa ambalo baba yangu amelala chini yake maisha yake yote.

Ila nisijibebeshe mzigo usio wangu. Mimi sikumtaja mtu, kwa kuwa sikumjua. Aliyevunja mwiko ni yule aliyesimama na kufunga kifungo.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Video ya Mwenyekiti ilisambaa kwenye group la WhatsApp la ukoo. Wengine waliweka alama za kucheka. Wengine walikaa kimya, ukimya wa aina nyingine kabisa.

Halafu mtu wetu akafa kule Kawangware. Baba alivaa koti, akaenda ukumbini kama kawaida, akakaa mahali pake. Wakati wa kumtaja marehemu ulipofika, kipaza sauti kilipita mbele yake kikaenda kwa ndugu yake Mwenyekiti. Yule bwana alikosea jina la babu wa marehemu. Baba alilijua. Niliona midomo yake ikilisema, bila sauti.

Siku chache baadaye fundi akanipigia simu.

"Dada, mwambie mzee asikuje tena. Nimeambiwa nitoe uso."

Tulienda hata hivyo. Kilichokuwa kimebaki kwenye mabega ya Jemadari ni kisiki cha udongo. Uso ulikuwa kwenye karai, vipandevipande, umefunikwa gunia bichi usikauke. Niliweza kuona nusu ya paji la baba na sikio moja.

"Unatupa?" baba aliuliza.

"Udongo hautupwi, mzee. Nitaukanda tena, niweke huyo mwingine." Fundi alikuwa hamtazami usoni. "Walisema hawawezi simamisha uso ya mtu wa kununuliwa. Mimi ni kazi tu. Mambo ya ukoo wenu siyawezi."

Huyo mwingine alikuwa ndugu yake Mwenyekiti. Bado alikuwa akikaa kwenye kile kiti cha plastiki nilipokoma kupita njia ile.

Naomba mnivumilie kwenye jambo moja linalonikondesha. Kwa nini yule mama mzee aliuona uso wa Jemadari kwa baba? Alikuwa ameambiwa na mama yake sura ya Jemadari ilivyokuwa. Nasi tunajua msichana yule alibaki bomani na akazaa. Hakuna anayesema mtoto alikuwa wa nani. Kama ndivyo ninavyowaza, basi uso waliouondoa kwa sababu haukustahili ndio uso pekee uliokuwa sahihi. Sina ushahidi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma historia, sitaki kuutafuta.

Baba hakugombana. Aliifuata desturi. Alikwenda kwa wazee wa chama, akasema kwa heshima kwamba mwiko umevunjwa mbele ya watu, na anaomba kondoo wake. Hakutaka sanamu wala uso wake urudi. Alitaka kondoo na neno la radhi, basi.

Nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi la wanawake.

"Mzee, hapa ni Nairobi," mmoja alianza, "hizo kondoo tuliziacha ng'ambo ya mto."

"Kama tumeziacha," baba alijibu, "mbona nyinyi mnanikumbuka mimi ni wa kondoo?"

Wachache walicheka, na kwa dakika nilidhani ameshinda. Kisha Mwenyekiti akaomba kusema. Alisema anaheshimu desturi kuliko mtu yeyote. Na kwa desturi hiyo hiyo, kosa ni la aliyeanza. Nani alianza? Nani alisimama mbele ya jiji lote na kuleta mambo ya watu walionunuliwa? Si msichana wa huyu mzee? Na mtoto akikosa, si baba ndiye hujibu?

Wazee walitoka nje, wakashauriana kando ya tangi la maji. Walirudi na uamuzi: kondoo achinjwe, na wa kumchinja awe baba yangu.

Nilisimama nikasema huo si uamuzi, ni dharau. Baba aliniashiria nikae. Nikakaa. Sijui kama ningepaswa kukaa.

Jumapili iliyofuata baba yangu alichinja kondoo nyuma ya ukumbi wa kanisa, Kabiria, kuomba radhi kwa kosa la kuwa mjukuu wa msichana aliyeuzwa. Mwenyekiti alipewa kidari. Alikula, akafuta mikono, akamkumbatia baba. "Sasa yameisha, ndugu yangu," alisema.

Kipaza sauti hakijarudi. Baba amerudishiwa kiti tu.

Msimamizi wangu chuoni, nilipomweleza, aliinama mbele akiwa na macho yanayong'aa. "This is very rich data," aliniambia. Sura ya tasnifu yangu inayohusu mambo haya sijaiandika mpaka leo.

Sanamu imesimama. Mjadala wenyewe uliishia hivyo hivyo. Mwishowe watu walichoka na pendekezo letu likapita. Pale chini pameandikwa kwamba Jemadari alikuwa ngao ya wanyonge. Hakuna neno kuhusu aliowauza. Watu hupiga selfie hapo wakati wa chakula cha mchana.

Nilikuwa nimeapa kutopita bustani ile. Ni baba aliyeniomba nimpeleke. Alivaa sweta, si koti. Alisimama mbele ya sanamu kwa muda, akiutazama ule uso mgeni. Kisha akashusha macho hadi kwenye mkono wa kulia, ule ulioshika mkuki.

Kidole kidogo kimepinda.

Walimwambia fundi abadilishe uso. Hakuna aliyekumbuka mikono.

Baba alitoa mkono wake mfukoni, akautazama, akautazama ule wa juu. Kijana aliyekuwa akipiga picha akamwambia, "Mzee, songa kidogo, unaingia kwa picha."

Baba alisonga.

Tukiwa njiani nilimwambia naweza kupeleka habari hii magazetini, kwamba hata sasa hatujachelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Andika kama lazima uandike," alisema. "Lakini usitaje watu. Ukitaja, mimi ndiye nitaitwa tena."

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo na hakipendezi. Ni rahisi kuangusha shaba ya mtu ambaye wajukuu wake wako Ulaya. Tukifika kwa watu wetu, ukweli hutafuta mtu wa kuulipia, na hauangalii juu ya kitako cha mawe. Huangalia safu ya kwanza ya viti, aliye mnyonge zaidi. Sisemi tunyamaze. Bado naamini maandishi yale yanapaswa kubadilishwa. Ila sasa najua kwamba kabla ya kusimama mbele ya kipaza sauti ningeanzia nyumbani, kwa mtu niliyekuwa nikimpelekea chai.

Wenzangu mliotoka jamii zenye mwiko kama huu, au mliowahi kusikia asili ya nyanya zenu ikitajwa mbele za watu, naomba mawazo yenu. Je, sura hiyo ya tasnifu niiandike au niiache? Matusi pia nitayasoma.

Ila msiniulize ni ukoo gani. Baba hana kondoo mwingine.